TUSIMSINGIZIE MUNGU
Pikipiki na bajaji katika barabara za milimani



Katika nchi yetu upo msemo unaotamkwa karibu kila mara jeneza la kijana aliyekufa kwa ajali linaposhushwa kaburini: "Kazi ya Mungu haina makosa." Msemo huu una heshima yake. Humtuliza mama aliyefiwa, na huwanyamazisha wale ambao wangetaka kutupiana lawama mbele ya maiti. Hatuna ugomvi na msiba wala na machozi ya wafiwa. Ugomvi wetu ni na kazi nyingine ambayo msemo huo hutumwa kuifanya baada ya matanga kwisha, nayo ni kazi ya kufunika. Maana iwapo Mungu ndiye aliyemtupa kijana korongoni, basi hakuna haja ya kuuliza breki za pikipiki yake zilikuwa katika hali gani, alikuwa amepakia watu wangapi, alikuwa akikimbilia fedha ya nani, na kwa nini kona ile ile iliyokwisha kuua mara kadhaa bado haina hata ukingo mmoja.

Sisi twasema: tusimsingizie Mungu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni, na kwamba karibu mmoja katika kila watano alikuwa juu ya chombo cha moto cha magurudumu mawili au matatu. Je, Mungu ana chuki na pikipiki? Uswisi nayo ni nchi ya milima mirefu na kona nyingi, na bado imo miongoni mwa nchi zenye vifo vichache kabisa vya barabarani kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Mungu wa Uswisi na Mungu wa Usambara ni yule yule. Kinachotofautiana ni kazi ya wanadamu.

1. CHOMBO KILICHOKUJA KUSAIDIA

Tuchukue mfano wa Milima ya Usambara. Barabara ya lami itokayo Mombo kupitia Soni hadi Lushoto ina urefu wa kilomita zipatazo 32, na katika mwendo huo mfupi msafiri hupanda takribani mita 1,000, kutoka tambarare yenye joto hadi kwenye baridi na ukungu. Mahali pengi njia ni nyembamba: upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo. Toka Soni tawi moja huelekea Bumbuli. Toka Lushoto jingine huendelea kuelekea Lukozi, Mlalo na Mtae. Na kutoka kwenye hizo njia kuu, vijia vya udongo visivyo na idadi huingia vijijini. Wasomaji wetu wa Usangi na Ugweno kule Upare, wa Mgeta katika Uluguru, na wale wa barabara ya Chimala kwenda Matamba, ambayo wenyeji huiita Hamsini na Saba kwa wingi wa kona zake, hawahitaji kuelezwa zaidi. Wanaijua hali hiyo kwa miguu yao wenyewe.

Kwa vizazi vingi mzigo wa milima hii ulibebwa kichwani, na aghalabu kichwa hicho kilikuwa cha mwanamke. Tangu katikati ya miaka ya 2000 pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoanza kuenea, zikifuatwa na bajaji na maguta ya magurudumu matatu, mambo yalibadilika. Leo kabichi, karoti na viazi hufika sokoni vikiwa bado na umande. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hufikishwa zahanati usiku. Kijana aliyemaliza shule bila ajira hupata riziki ya halali. Kwa hiyo hatuandiki haya ili kuvilaani vyombo hivi, wala hatuwaambii watu warudi kubeba matenga vichwani. Twaandika kwa sababu kitu chema kikiachwa bila uangalizi hugeuka kuwa machinjio, na anayekiacha hivyo ataulizwa.

2. KUUJUA MLIMA

Kuendesha pikipiki mlimani ni ufundi, na ufundi hufundishwa. Kijana aliyejifunza kwa siku mbili katika uwanja wa mpira wa shule amejifunza kutoanguka, hajajifunza mteremko. Tutaeleza hapa, kwa ufupi, mambo ambayo kila dereva wa mlimani anastahili kuyajua kabla ya kukabidhiwa roho ya mtu, ili pasiwepo atakayesema kwamba mambo haya hayajulikani.

La kwanza ni breki. Tufanye pikipiki ina kilo 120, dereva kilo 65, abiria kilo 65, na tenga la karoti kilo 50. Jumla ni kilo 300. Uzito huo ukishuka mita 1,000 kutoka Lushoto hadi Mombo, nguvu inayopaswa kumezwa njiani yatosha kuchemsha takribani lita 9 za maji. Sehemu ya nguvu hiyo humezwa na upepo na injini. Inayobaki hugeuka kuwa joto ndani ya breki. Breki ndogo ya gurudumu la nyuma, ikikanyagwa mfululizo katika mteremko mrefu, hupata moto, hulegea, na mwisho haishiki tena. Dereva aliyenusurika husema, "Breki zilikataa." Hazikukataa, zilichoshwa. Dawa yake haina gharama: ingia katika gia ndogo kabla mteremko haujaanza, iache injini ikuzuie, na ukanyage breki kwa vipindi ili zipate kupoa. Madereva wa malori wana kanuni yao ya siku nyingi, kwamba mlima hushukwa kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Kanuni hiyo yafaa pia kwa pikipiki, na yafaa zaidi kwa bajaji.

Kinyume chake ndicho tunachokiona kila siku: vijana wanaozima injini au kuweka gia huru na kuporomoka kimya kimya ili kuokoa petroli. Wanachookoa ni vikombe vichache vya mafuta; wanachoweka rehani ni uhai wao na wa abiria wao. Na mmoja wao akiulizwa, hujibu kwamba Mungu atamlinda. Jaribu hilo si geni. Ndilo Bwana alilowekewa juu ya kinara cha Hekalu, alipoambiwa ajirushe chini kwa sababu malaika wangemdaka. Naye alikataa.

La pili ni kona. Mshiko wa tairi barabarani una kipimo. Ukiutumia wote kwa kukata kona, haubaki mshiko wa kufungia breki. Na ukifunga breki kwa nguvu huku pikipiki imelala, gurudumu huteleza. Basi kazi yote ya kupunguza mwendo ifanyike kabla ya kona, pikipiki ikiwa wima, gia ishushwe, kisha uingie taratibu na kuongeza moto kidogo kidogo unapotoka. Vijana wengi huiogopa breki ya mbele na kuitegemea ya nyuma peke yake. Huko ni kukosa mafundisho. Chombo kinapofungwa breki uzito wake huhamia mbele, na kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi. Inatakiwa ibanwe polepole, pamoja na ya nyuma, kabla pikipiki haijainama. Tena dereva atazame kule anakotaka kwenda, maana pikipiki hufuata macho. Anayekodolea macho korongo huenda korongoni. Na akumbuke kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kumsukuma nje ya kona huongezeka mara nne.

La tatu ni umbali. Anayekwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Ukiongeza sekunde moja ya kushtuka na muda wa kufunga breki, atahitaji mita 23 hivi kusimama kwenye lami kavu iliyo tambarare. Akienda kilomita 60 kwa saa atahitaji mita 45 hivi. Mteremko, mchanga, udongo ulioporomoka, majani mabichi, dizeli iliyomwagika na mvua huongeza umbali huo. Lakini kona nyingi za milimani hazimwoneshi dereva hata mita 25 za mbele yake, na ukungu ukishuka haoni hata 10. Kanuni basi ni moja: usiende kwa mwendo ambao huwezi kusimama ndani ya sehemu unayoiona. Piga honi kabla ya kona iliyofichika. Washa taa hata mchana. Shika upande wako wa kushoto. Hasa katika kona inayopinda kulia, usiikate; pikipiki inapolala kulia, kichwa cha dereva huvuka mstari wa katikati kabla ya magurudumu yake, na lori linalotokea upande wa pili laweza kuhitaji barabara nzima ili ligeuke.

Bajaji na guta vina sheria yao. Pikipiki hulala katika kona; bajaji haiwezi kulala. Ina gurudumu moja tu mbele, na kona ikichukuliwa kwa kasi, gurudumu la ndani huinuka na chombo hupinduka. Dereva akishtuka na kufunga breki akiwa katikati ya kona, huusukuma uzito mbele, mahali ambapo chombo kina mguu mmoja tu wa kusimamia. Kwa hiyo bajaji yapaswa kuingia konani taratibu kuliko pikipiki, na mzigo wake ukae chini, katikati, umefungwa imara. Guta lililojazwa viazi hadi juu ya kichwa cha dereva, na uzito wote ukiwa nyuma, hupanda mlima likiwa na gurudumu la mbele lisilokanyaga vizuri, na usukani wake haumtii mtu. Anayelisimamisha mlimani na aweke jiwe kwenye gurudumu kabla ya kushuka.

3. HARAKA HIYO INA MWENYEWE

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Mambo tuliyoyaeleza si siri. Madereva wazoefu wa vijiweni wanayajua, na wengi wangependa kuyafuata. Mbona basi hayafuatwi? Kwa sababu ile haraka inayompeleka kijana konani, mara nyingi, si yake. Haraka hiyo ina mwenyewe.

Madereva wengi wa bodaboda na bajaji hawamiliki vyombo wanavyoviendesha. Kila siku wanadaiwa "hesabu" na mwenye chombo. Tuchukue mfano wa kijana anayedaiwa shilingi 10,000. Mvua imenyesha tangu asubuhi, abiria ni wachache, na saa kumi na mbili jioni mfukoni mwake mna shilingi 8,000, na petroli bado hajaitoa humo. Ukungu unashuka na giza linaingia. Busara yote ya mlima yamwambia alale. Hesabu yamwambia aende. Anatokea abiria, kisha mwingine, kisha wa tatu, wote wanakwenda njia moja. Anawapakia watatu pamoja, mtindo ambao watu wameuita mishikaki, kana kwamba jina la kuchekesha litamwondolea mtu kifo. Kijana huyo akianguka usiku ule, tutamwita mzembe. Lakini mkono uliomsukuma ulikuwa umekaa nyumbani, ukisubiri shilingi zake.

Upo pia utaratibu wa "mkataba": kijana hulipa kila siku kwa mwaka mmoja au zaidi, ndipo pikipiki iwe yake. Kwa namna yake ni utaratibu mzuri, nao umewainua wengi. Lakini mahali pengine maneno yake ni makali kuliko upanga. Akiugua, akashindwa kulipa kwa siku kadhaa, pikipiki hunyang'anywa, na yote aliyokwisha kulipa huyeyuka. Mtu aliyelipa miezi kumi na kubakiza miwili hawezi kulala kwa sababu ya ukungu. Mkataba wake unamwendesha kuliko yeye anavyoiendesha pikipiki.

Je, nani hugharimia breki? Katika mapatano mengi matengenezo madogo ni juu ya dereva. Basi vipande vya breki vinapokwisha, kijana huyo huyo aliyepungukiwa hesabu hutakiwa achague: anunue breki au alipe hesabu. Asipolipa hesabu leo, atanyang'anywa chombo leo. Asiponunua breki leo, huenda akafa kesho, au huenda asife. Hapo ndipo kifo huandaliwa, siku kadhaa kabla ya kona, katika mapatano ya watu wawili ambao mmoja wao hana nguvu ya kukataa.

Na ajali ikitokea, je? Bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo ya lazima kisheria, haikuwekwa kwa ajili ya majeraha ya dereva mwenyewe. Mguu uliovunjika hulipwa na ukoo: mbuzi huuzwa, kisha kipande cha shamba. Mwenye chombo hupeleka chuma chake kwa fundi, na baada ya wiki mbili kijana mwingine amekikalia.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa mwaka 1981, alifundisha kwamba pamoja na mwajiri aliye mbele ya mfanyakazi, wapo na wengine, watu na taasisi, ambao kwa masharti wanayoyaweka huamua hali ya mfanyakazi huyo, nao wana wajibu wa haki juu yake. Fundisho hilo likishushwa mlimani laeleweka upesi. Mwenye pikipiki hawezi kusema, "Mimi nimempa chombo tu." Wala tusidhani kwamba wenye vyombo hivi ni watu wa mbali wasiojulikana. Ni walimu, ni wenye maduka, ni watumishi wa umma; wamo wanaoimba kwaya, na wamo wanaokaa viti vya mbele siku ya Jumapili. Tunaongea nao wakitusikia.

4. HOJA ZINAZOLETWA

Wapo watakaosema: "Vijana hawa ni wahuni, wanajitakia." Hatukatai kwamba uhuni upo. Wapo wanaoendesha wakiwa wamelewa. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini kiu yake haikupigwa marufuku. Wapo wanaoshindana kuteremka kama vile mlima ni uwanja wa michezo. Kwao Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 imesema waziwazi, katika namba 2290, kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana hatia nzito. Hiyo ni dhambi, nayo yaungamwa kama nyingine. Lakini Bwana alipoletewa habari za msiba alikumbusha juu ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa dhana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Kumhukumu marehemu ni rahisi, kwa sababu hajibu. Kuwahukumu waliojenga mnara vibaya kunahitaji ujasiri.

Wengine husema: "Usalama ni anasa ya matajiri, maskini hana uchaguzi." Hoja hii huvaa nguo za huruma, lakini ndani yake mna dharau. Kushuka kwa gia ndogo ni bure. Kupiga honi ni bure. Kupakia abiria mmoja, kulala ukungu unaposhuka, kukaguana tairi vijiweni kila asubuhi, yote ni bure, ila tu yule anayedai hesabu akubali kungoja. Anasa iliyopo hapa ni ya yule anayepokea fedha kamili katika siku ya mvua.

Wengine husema: "Sheria ipo, serikali ifanye kazi yake." Naam, sheria ipo. Kanuni za mwaka 2010 kuhusu pikipiki na bajaji za kukodi zinataka pikipiki ipakie abiria mmoja tu, zinataka kofia ngumu, na zinakataza kupakia mtoto aliye chini ya miaka tisa. Simama kandoni mwa barabara yoyote ya mlimani wakati wa kwenda shule, uhesabu watoto walio juu ya pikipiki moja. Hatusemi kwamba askari wote ni wala rushwa. Tunawajua waaminifu, nao twawaombea. Lakini pale ambapo kosa hufutwa kwa noti inayopita kiganjani, sheria imegeuka kuwa ushuru, na kijana huulipa ushuru huo kwa kupakia mtu mmoja zaidi.

Juu ya kofia ngumu, tusipoteze maneno mengi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionesha kwamba, kwa wapanda pikipiki waliopata ajali, kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Abiria huikataa kwa kuwa inanuka, au imevaliwa na wengi, au itaharibu nywele alizosuka. Tunaelewa. Lakini kitambaa kidogo cha kichwani hutatua harufu, na nywele husukwa tena. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani ili askari aione haijapata kumwokoa mtu yeyote. Na kofia isiyofungwa kidevuni huruka kabla ya kichwa kugonga jiwe.

5. YATUPASAYO

Kwenu madereva: ninyi ni wachukuzi wa watu, na kazi yenu ina heshima. Jiungeni vijiweni, mfundishane, mkatazane. Kijiwe kinachomzuia mwenzao mlevi asipande pikipiki kinaokoa roho kuliko hotuba nyingi. Kubalianeni kwa pamoja kwamba ukungu ukifika kiwango fulani hakuna anayeshuka. Mmoja akikataa peke yake atapoteza abiria, wote mkikataa hakuna anayepoteza.

Kwenu wenye vyombo: andikeni mapatano yenye huruma ndani yake. Siku ya mvua kubwa na siku ya ugonjwa zisidaiwe hesabu. Breki, tairi na taa viwe juu yenu, kwa kuwa chombo ni chenu. Mkataba uliolipwa miezi kumi usifutwe kwa siku tano. Nanyi msimkabidhi mlima mtu asiye na leseni, hata akiwa mtoto wa ndugu yenu.

Kwenu abiria: msiseme "Kimbiza, nimechelewa." Neno hilo limezika watu. Mkataeni dereva mlevi, kataeni kuwa wa pili na wa tatu juu ya kiti kimoja, na msimvutie dereva nauli hadi ikose maana, kisha mkashangaa kwamba amewapakia watatu.

Kwenu wenye mamlaka ya barabara, kuanzia TANROADS na TARURA hadi halmashauri na serikali za vijiji: Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, aya ya 8, ilimwamuru kila ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Kama dari ya mtu mmoja ilihitaji ukingo, seuze barabara ya umma juu ya korongo! Kingo za chuma au za mawe katika kona zinazojulikana kwa kuua, vioo vya kuonea katika kona zilizofichika, mitaro isiyomwaga mchanga barabarani, na alama zinazosomeka: hayo si mapambo ya barabara. Ni sehemu ya barabara. Lami inayowekwa bila hayo huongeza mwendo wa watu kuelekea shimoni.

Na kwetu sote katika parokia: mwaka 2007 Vatikano ilitoa mwongozo mzima juu ya uchungaji wa barabarani, ukiwa na amri kumi kwa madereva. Uchungaji huo waweza kuanza hapa bila fedha za wafadhili. Uwanja wa kanisa watosha kwa mafunzo ya Jumamosi. Fundi mwaminifu na dereva mzoefu wapo katika kila kigango. Madereva hutuletea pikipiki zao tuzibariki, nasi twafurahi kuzibariki. Lakini baraka ni sala ya Kanisa, haiwi kifuniko cha tairi kipara. Fundi akague kwanza, padre anyunyize maji baadaye.

Tukiyafanya haya, bado tutazika vijana wengine, kwa kuwa mlima ni mlima. Lakini siku hiyo tutaweza kusimama kando ya kaburi na kutaja jina la Mungu bila kulitumia kama blanketi la kuwafunikia wanadamu. Leo, katika kona nyingi za nchi yetu, hatuwezi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika eneo letu, ni kona zipi zinazojulikana kwa ajali? Nani amekwisha kuandikiwa barua juu ya kona hizo, na alijibu nini?

2. Miongoni mwetu yupo mwenye pikipiki, bajaji au guta analolikodisha? Mapatano yake na dereva yanasemaje juu ya siku za mvua, ugonjwa na matengenezo ya breki?

3. Madereva wa kijiwe cha karibu wangependa kufundishwa nini, na ni nani kati yetu awezaye kuwafundisha?

4. Watoto wetu huendaje shule? Wangapi juu ya pikipiki moja?